Majina Marefu ya Mambrui

Jumatatu, 4 Aprili 1988

Masika yameanza leo, nami mwavuli nimeuacha Mambrui kwa mama. Nimeingia hospitalini nimerowa chapachapa. Kompyuta lakini ni kavu, na hilo ndilo muhimu.

Wafadhili waliileta Januari. Programu nimeiandika mimi, Tumu, kwa lugha ya C niliyoisomea miaka miwili Nairobi, wala hakuna aliyenishika mkono. Kazi yake ni daftari la damu: watu mia sita na kumi na wawili waliokubali kuitwa wakati wowote mgonjwa akihitaji damu, kila mmoja na jina lake, kundi lake na mahali anapokaa. Hatuna friji ya kuhifadhi damu. Akiba yetu ni watu wenyewe, wako majumbani mwao, na ni lazima tujue nani ni nani.

Zamani Bwana Lewa wa maabara alikuwa akipekua kadi moja moja. Sasa nabonyeza, majina yanajipanga. Daktari Thuku, mkuu wetu, amewaambia wageni mbele yangu kwamba hajaona kitu kama hiki pwani nzima. Nilijifanya sisikii, lakini nilisikia vizuri sana.

Jumatano, 6 Aprili

Mvua. Stima imepotea mara tatu. Mbeyu, mchapaji wetu, amechapa kadi mpya kumi na nne tu.

Ijumaa, 8 Aprili

Nimeenda nyumbani Mambrui. Baada ya sala ami Athman alinikalisha barazani akanisomea lawama. Juzi gari la hospitali lilikuja kumtafuta Faki Omar, likamchukua Faki Omar mwingine, mzee wa pumu, akapelekwa mpaka Malindi na kanzu yake ya kulalia. Mambrui ina akina Faki Omar wanne. Ami anasema mtu wa kwetu hutajwa na baba na babu, ndipo ajulikane, na kama mashine yangu haijui adabu hiyo basi niifunze. Nilimwambia, "Wiki ijayo, ami, majina yote yatakuwa kamili." Akaridhika, akanipa halua.

Na ana haki. Programu niliitengeneza nikiwa Nairobi, nikiijaribu kwa majina mawili mawili, la mtu na la baba, basi.

Jumanne, 12 Aprili

Nimeongeza ukurasa wa kusahihisha majina. Kundi la damu haliguswi, lilikwisha ingia tangu Februari. Mtu anachapa jina jipya, mashine inalinakili juu ya lile la zamani, kwisha. Kazi ya asubuhi moja. Nimempa Mbeyu orodha ya Mambrui nikamwambia achape jina zima, bin kwa bin, asiogope.

Mbeyu ana miaka ishirini, kwao ni huko ndani nyuma ya Kilifi, na mshahara wake ndio unaowalisha baba yake na wadogo zake wanne. Anachapa kwa vidole viwili, polepole, kama anayechambua mchele. Ananikera.

Jumanne, 19 Aprili

Ramadhani, siku ya pili. Kichwa kinauma. Nimetafuta Kheri bin Faki bin Athman, nikakuta kundi lake la damu ni N. Kundi N! Kadi ya Bwana Lewa inasema O. Nimemwuliza Mbeyu alikuwa akiwaza nini. Akajibu kwa upole kwamba kundi hakuligusa, alichapa jina tu. Nikamwambia alisahihishe na aache maneno.

Alhamisi, 21 Aprili

Kundi la Kheri sasa ni O, lakini jina limekuwa KHERI BIN FAKI BIN ATHMAO. Athmao! Nimemrudisha Mbeyu kitini.

Ijumaa, 22 Aprili

Jina limekaa sawa. Kundi ni N tena. Wallahi huyu msichana atanifunguza.

Jumatatu, 2 Mei

Nimepata makosa kumi na moja, yote katika majina ya Mambrui. Majina ya Kigiriama hayana hata moja. Hapo nikaona nimelielewa jambo: anayajali majina ya kwao, yetu anayachapa ilimradi. Nilimwambia hivyo mbele ya Bwana Lewa, na sikupunguza sauti.

Mbeyu alisema, "Dada Tumu, nikitengeneza kundi, jina linaharibika. Nikitengeneza jina, kundi linaharibika. Kaa hapa uone mwenyewe."

Nilicheka. Nikamwambia mashine haina kichaa. Bwana Lewa alinitazama, akarudi kwenye darubini yake. Jioni nikaenda kwa Daktari, naye akamwandikia Mbeyu barua ya kwanza ya onyo. Hapa kwetu ni barua tatu, kisha mtu anakwenda zake.

Jumatatu, 9 Mei

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Wodi ya watoto imejaa malaria, na kila siku wawili watatu wanahitaji damu. Takriban watu wote wa kundi O wanaokaa karibu wamekwisha kutolewa damu mwezi huu. Mbeyu amepata barua ya pili.

Jumanne, 17 Mei

Idd. Mama amepika biriani. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 25 Mei

Naandika kwa sababu nikikaa bure nitalia, na nimechoka kulia.

Saa tatu asubuhi aliletwa mwanamke aitwaye Kanze, kwa pikapu ya makaa. Alijifungulia nyumbani alfajiri, mtoto mzima, lakini damu haikukatika. Mumewe Mwambire alikuwa amemshika kichwa, na shati lake lilikuwa limelowa lote, si kwa mvua. Bwana Lewa akampima: kundi A. Daktari akanigeukia.

Nilibonyeza. Watu wa A wa karibu ambao hawajatolewa mwezi huu walikuwa wawili: mwalimu Kavumbi wa Gede, na Faki bin Omar bin Abdalla wa Mambrui. Gari ni moja. Gede ni kusini, Mambrui kaskazini. Daktari akauliza yupi. Nikasema Faki. Namjua, ni jirani yetu, hatasitasita. Nikajiona mtu wa maana sana kusema hivyo.

Mwambire alikuwa mlangoni, akakunja mkono wa shati. Alisema, "Nitoeni mimi. Mimi ni mumewe." Bwana Lewa alitazama chupa ya dawa ya kupimia makundi, imebaki ya watu watatu mpaka shehena ya wiki ijayo. Daktari akamwambia angoje, mtu anayefaa yumo kwenye mashine na gari limekwisha toka. Mwambire akaketi kwenye benchi la nje.

Njia ya Mambrui ilikuwa matope matupu. Gari lilikwama mara mbili. Faki alifika saa sita, anahema, alilisukuma gari pamoja na dereva. Bwana Lewa alichukua tone la damu yake akalichanganya na la Kanze, kama afanyavyo siku zote kabla ya kumpa mtu damu. Ikagandana, ishara kwamba haziafikiani. Akampima kundi. B. Hakuamini, kwa sababu orodha ilisema A, akapima tena. B. Akapima mara ya tatu, na dawa ikaisha.

Gari likakimbizwa Gede. Kanze alikuwa ameanza kuongea maneno yasiyoshikana. Alifariki saa saba na dakika ishirini. Mwalimu Kavumbi alifika dakika arubaini baadaye, mikono ya shati amekwisha kuikunja, anauliza aketi wapi.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mtoto analia wodini na hana hata jina.

Alhamisi, 26 Mei

Daktari alimwita Mbeyu mbele yetu sote. Alimwonyesha kadi ya Faki, B kwa mwandiko wa Bwana Lewa, kisha kompyuta, A. Akampa barua ya tatu. Mwambire alikuwa pale kuchukua maiti, akaambiwa kwamba kosa ni la mchapaji na mchapaji ameshafukuzwa.

Mbeyu alisema lile lile, kwamba kundi hakuligusa. Alichukua kanga yake na kikombe chake cha chai, akatoka mvuani. Sikumtetea. Nilikuwa na hasira naye mpaka nikasikia raha alipoondoka. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatatu, 30 Mei

Leo nimechapa mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine.

Nilianza na Faki. Nikabadilisha A kuwa B, kama kadi inavyosema. Kioo kikaonyesha B, alhamdulillahi. Kisha nikatazama jina. FAKI BIN OMAR BIN ABDALLB.

Nikajua nimekosea kidole. Nikachapa jina upya, herufi kwa herufi, nikitamka kwa sauti. Jina likawa zuri, ABDALLA. Nikatazama kundi. A.

Nikarudia. Nikitengeneza kundi, jina linaharibika. Nikitengeneza jina, kundi linaharibika. Nilirudia mara tisa, kwa vidole vyangu kumi vyenye cheti, na kila mara maneno ya Mbeyu yakinipita kichwani kama yalivyo. Bwana Lewa aliingia kuuliza kama nina kadi za Watamu, akanikuta nimeshika meza. Aliuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 31 Mei

Nimelitafuta na nimelipata. Nitaliandika wazi, kama ninavyopaswa kumweleza mtu asiyejua mashine hizi.

Ndani ya kompyuta kila mtu ana safu ya vijumba, kila kijumba herufi moja. Ishirini na vinne vya kwanza nilivitenga kwa jina, na nyuma yake tu, bila ukuta, vinafuata vya kundi la damu. Mwisho wa jina mashine huweka alama ya kufunga, ili anayesoma ajue pa kusimama. Kunakili jina nilitumia amri ya strcpy. Amri hii hunakili mpaka ikutane na alama ya mwisho. Haiulizi kuna nafasi ngapi. Ni kama mtu anayemimina gunia la mchele kwenye debe macho yakiwa kwenye gunia.

Jina la Faki lina herufi ishirini na tano, ukihesabu na nafasi za katikati. Ile A ya mwisho ya babu yake ilimwagikia kwenye kijumba cha kundi, ikaifuta B aliyoiandika Bwana Lewa. Kheri naye ishirini na tano, mwisho N. Ile N ilionekana upesi kwa sababu kundi hilo halipo. A ya Faki ilikaa pale kwa adabu zake, na mimi nikalituma gari.

Kadi zilizoharibika ni arubaini na moja. Zote za kwetu, kwa kuwa sisi ndio tuliotaka majina marefu, na mimi ndiye niliyeyaingiza kwenye nafasi niliyoipima kwa majina mafupi. Mbeyu hakukosea hata herufi moja. Nimezikagua zote.

Alhamisi, 2 Juni

Kitabu kinasema ipo amri nyingine, strncpy, ambayo unaiambia kikomo. Nimeiweka, kikomo ishirini na nne. Nikamchapa Faki. Kundi limebaki B! Nikakaribia kupiga kigelegele peke yangu. Kisha nikatazama jina: ABDALLB.

Nimezima mashine nikaenda kukaa kwenye ngazi.

Jumamosi, 4 Juni

Nimesoma upya, safari hii bila kiburi. Ile strncpy jina likijaa kikomo haiweki alama ya kufunga. Kundi lilikuwa salama, ila msomaji wa jina hakujua pa kusimama, akaendelea mpaka kwa jirani. Na hata ningeifunga kwa nguvu, ingekata jina kimya kimya, na akina Faki wangeanza tena kufanana.

Kwa hiyo nimeandika ya kwangu. Inaambiwa ukubwa wa nafasi kabla ya kugusa chochote. Huacha kijumba kimoja cha kufungia, kila mara. Na jina lisipoenea haimwagi wala haikati, inakataa, na programu inasimama na kumwambia mchapaji. Vijumba vya jina sasa ni themanini. Mistari kumi na miwili tu. Nimeijaribu kwa jina la ami Athman mpaka babu wa saba. Imefanya kazi, na sikusikia furaha yoyote.

Jumatano, 8 Juni

Nimemwambia Daktari Thuku kila kitu. Alinisikiliza, akafunga mlango. Akauliza kama kosa limekwisha tengenezwa. Nikasema ndiyo. Akasema basi. Wafadhili wanakuja tarehe ishirini na saba kuamua kama watatoa kompyuta nyingine tano kwa zahanati za wilaya. Mume wa marehemu amekwisha elezwa. Mchapaji ni mchapaji, atapata kazi pengine. Alisema kwa upole, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilisikia moyo wangu ukikubali.

Alhamisi, 9 Juni

Sikufanya kitu.

Ijumaa, 10 Juni

Sikufanya kitu. Bwana Lewa amenieleza, bila kuulizwa, kwamba Mwambire alifunga safari mpaka kwa baba yake Mbeyu, akasimama uani mbele ya watu akasema mtoto wao amemwua mkewe. Sasa majirani hawaingii tena kwao. Kijana aliyekuwa amekuja kumposa Mbeyu, wazee wake wamerudi kusema wangoje kwanza. Nilimwuliza Bwana Lewa kwa nini ananieleza mimi. Akasema hajui, ameona tu siku hizi sili.

Jumatatu, 13 Juni

Nimeenda kwao Mbeyu. Nilishuka Kilifi nikatembea saa nzima na nusu kwenye matope. Nilimkuta akimenya mihogo. Nilimwamkia babake, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, akaondoka akatuacha. Nilimweleza Mbeyu yote mpaka alama ya kufunga. Nililia. Yeye hakulia.

Aliuliza, "Umemwambia nani?"

Nikasema Daktari, na sasa yeye.

"Mimi nilikuwa najua, dada Tumu. Ndiwe uliyeniambia mashine haina kichaa." Akachukua muhogo mwingine. "Kosa langu liliandikwa kwa barua tatu. La kwako limeandikwa wapi?"

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akasema radhi ameisikia, na kwamba babake hawezi kwenda kuwasomea majirani machozi yangu. Kisha akanipa mihogo ya kubeba, maana mgeni hatoki mikono mitupu. Nimeibeba njia nzima kwa aibu.

Jumanne, 14 Juni

Nimeandika barua. Nimeipeleka kwa kamati yote ya hospitali, si kwa Daktari peke yake, na nakala kwa chifu wa kwao Mbeyu, na nakala kwa Mwambire. Nimesema kosa ni langu, tangu programu hadi shutuma, na kwamba Mbeyu alinionyesha nikamcheka. Karatasi moja. Nimetia sahihi jina langu mpaka la babu.

Jumatano, 15 Juni

Daktari Thuku haongei nami.

Jumatatu, 27 Juni

Wafadhili wamekuja, wamesoma barua, wameondoka. Kompyuta tano hazitakuja mwaka huu. Kamati imemrudisha Mbeyu na kuzifuta barua zake. Mimi nitamaliza mwezi wa Julai, nimfundishe kazi, kisha niondoke. Ami Athman anasema ningenyamaza. Nimemwambia, "Faki ni jirani yako, ami. Angekuwa ni mke wake?"

Alhamisi, 30 Juni

Mvua imekatika tangu juzi. Mbeyu ananisomea kadi, mimi nahakiki, kisha tunabadilishana. Hatuongei mengine. Leo alinirekebisha mara moja, na alikuwa sawa.

Ijumaa, 1 Julai

Mwambire amekuja. Alikuwa na nakala ya barua yangu mfukoni, imekunjwa mpaka imeanza kupasuka. Nikasimama. Mbeyu akasimama pia.

Alimwendea Mbeyu kwanza. Alimwambia ametoka kwa babake sasa hivi, ameyarudisha maneno yake palepale uani alipoyasema, majirani wakisikia. Mbeyu akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia, akataka nimweleze. Nilichukua karatasi nikamchorea vijumba, nikaandika jina la Faki, nikamwonyesha ile A ilipomwagikia. Alifuata kwa kidole, pole pole.

"Kwa hivyo jina la huyu bwana lilizidi, ndipo mke wangu akafa."

"La. Jina lake ni halali yake. Nafasi niliyoitenga mimi ndiyo iliyokuwa ndogo, na sikuipima."

Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza. Alisema mtoto anaendelea vizuri, ananyonya kwa shangazi yake. Kisha akasema amekuja pia kuandikwa kwenye daftari, ili mtu mwingine asikose. Bwana Lewa alimtoboa kidole, dawa ya kupimia iko tele sasa, akatikisa kigae chake cha kupimia dirishani. Alichelewa sana pale dirishani. Mwishowe akaandika kwenye kadi, akamkabidhi Mbeyu bila kututazama. Mbeyu akaisoma, akaiweka mbele yangu.

Mwambire alikuwa ameshika pamba kidoleni. Akauliza yeye ni kundi gani. Bwana Lewa akamwambia ni A.

"Na Kanze alikuwa gani?"

Bwana Lewa alikuwa ameinama anaosha kigae ambacho kilikwisha takata. Siku ile mtu huyu aliketi kwenye benchi letu kwa muda wa saa nne na dakika ishirini, shati amelikunja, hatua kumi kutoka kitanda cha mkewe. Nilikuwa nimeapa kwamba sitamficha neno tena. Nikamwambia ni A.